Parachuti ya Robert Cocking

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni kifaa gani cha usalama kilichoshindwa kwenye majaribio ambacho bado kinastahili heshima. Wengi watamtaja fundi cherehani aliyejirusha kutoka Mnara wa Eiffel mwaka 1912. Mimi namtaja Robert Cocking, mchoraji wa Uingereza, maana tatizo alilolishughulikia lilikuwa la kweli kabisa.

Mwaka 1802 alimshuhudia Mfaransa Garnerin akishuka London kwa parachuti. Parachuti ile haikuwa na tundu kileleni, kwa hiyo hewa iliyonaswa ndani ilichomokea ukingoni, mara upande huu, mara upande ule, na mshukaji akayumbishwa vibaya hadi chini. Baadaye Cocking alisoma maandishi ya George Cayley, Mwingereza mtafiti wa mambo ya urukaji, aliyeeleza kwamba koni iliyoelekeza ncha chini ingetulia hewani. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Lakini maandishi yale hayakugusa uzito wa parachuti yenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Parachuti ya kawaida hutanuliwa na hewa. Koni iliyopinduliwa husukumwa na hewa hiyohiyo ijikunje, kwa hiyo lazima ishikiliwe kwa pete ngumu. Ya Cocking ilifikia takriban kilo 100, na bado pete na mishono yake haikuwa imara.

Jioni ya Julai 24, 1837, akiwa na miaka 61, alining'inizwa chini ya puto la rubani Charles Green kwenye bustani za Vauxhall, London. Mzigo ulikuwa mkubwa mno, puto likashindwa kufika kimo alichokitaka, na giza lilikuwa linakaribia. Walipofika kama mita 1,500 akajiachia. Koni ikapinduka, ikavunjika vipande, naye akafa.

Kinachoniuma ni kwamba Blanchard, rubani wa puto Mfaransa, alishawahi kushusha wanyama kwa parachuti miongo kadhaa nyuma. Hapa hata mnyama hakuhitajika: gunia la mchanga lenye uzito wa mtu lingetosha kuonyesha kuwa pete hazihimili. Wala si kwamba siku ile hakuna aliyefikiria hatari. Green, aliyekuwa ndani ya puto na mwenzake mmoja, alijua puto likipoteza mzigo ghafla litafyatuka juu na kuwamwagia gesi, akabeba mfuko wa hewa ya kupumua, na ndio uliomwokoa yeye na mwenzake. Na ule uyumbaji uliomsumbua Cocking kwa miaka 35 ulikuja kupunguzwa kwa kutoboa tundu kileleni.