Una Datsun 240Z iliyolala uani? Usiifungue yote

Magari mengi ya zamani niliyoyaona yakifa hapa Mombasa hayakuuawa na kutu wala na miaka. Yaliuawa na wenyewe, siku walipopandwa na hamu wakafungua kila kitu kwa mpigo. Mwezi wa kwanza injini iko chini, viti viko chumba cha wageni, milango imeegemezwa ukutani, na skrubu zote zimo ndani ya kopo moja la rangi. Ukifika mwezi wa sita, karo ya watoto inadaiwa, ari imepoa, na hakuna anayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi. Hapo huna gari tena, una vipande, na vipande huondoka kimoja kimoja mpaka ua ukabaki mtupu.

Basi, jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: fungua sehemu moja, itengeneze, ifunge, ndipo uguse nyingine. Gari lisimame kwa magurudumu yake kadiri inavyowezekana, na liweze kusukumwa. Datsun 240Z yangu nimeifanya hivyo, nyumbani, jioni na Jumapili, chini ya banda la mabati, na fundi wa kuchomelea nikimwita pale tu kazi inapozidi mkono wangu.

Kwa nini 240Z? Wanaokumbuka Safari Rally ya zamani hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1971, mashindano yakipita Kenya, Uganda na Tanzania, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na nyuma yao akaingia Shekhar Mehta na Mike Doughty kwa nyingine kama hiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews. Walifungana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800, ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu alikuwa amesafiri mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Gari lenyewe lilikuwa dogo, jepesi, uzito wake tani moja na kitu kidogo, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Nchini kwao Japani liliitwa Fairlady Z.

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na abiria. Nambari ya chesi imepigwa pale kwenye bati. Ya usukani wa kulia, kama zilizoletwa huku, huanza na HS30. Ukikuta HLS30, hiyo ilitengenezwa kwa usukani wa kushoto na mtu ameihamisha, uliza vizuri. Nambari ya injini imepigwa ubavuni mwa bloku pamoja na L24, jina la aina ya injini hiyo. Zilinganishe zote mbili na logbuku, herufi kwa herufi, muuzaji akiwa amesimama hapo. Kama logbuku "iko kwa shangazi Nakuru", mwambie shangazi ailete kwanza.

Halafu kutu. Hapa ndipo pesa yako yote itakapokwenda, kwa hiyo usione uvivu kulala chini. Hewa ya chumvi ya Pwani haina huruma na magari haya, na Wajapani wa miaka ile hawakuyakinga sana. Chukua sumaku ndogo, ivishe kitambaa laini isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye mwili mzima. Palipo na bati, inashika. Inapoteleza na kuanguka, umefika kwenye fila, ile lipu ya kuzibia mashimo na mabonyeo. Kisha geuza bisibisi, gonga kwa mpini: bati zima lina mlio mkavu, lililooza linaitika kizito, na mara nyingine unga mwekundu unadondoka usoni.

Mahali pa kutazama ni palepale kwa karibu kila gari la aina hii. Chini ya betri, kwa sababu tindikali imekuwa ikidondoka miaka yote na kula bati mpaka kwenye boriti ya chesi iliyo chini yake. Sakafu, upande wa dereva na wa abiria, inua zulia lote. Boriti mbili zinazopita chini ya sakafu, ambazo ni bati lililokunjwa tu, na huoza kutoka ndani huku nje zikionekana nzuri. Kona ya chini nyuma ya mlango, kabla ya tao la gurudumu la nyuma. Shimo la tairi la akiba. Na ukingo wa nyuma pale mlango wa buti unapojifungia, kwa sababu raba ikichakaa maji ya mvua hukaa humo. Ukiona milango inaburura ikifungwa, au nafasi kati ya mlango na mwili haifanani juu na chini, gari limeshajikunja katikati. Hilo mwachie mwenye mfuko mrefu.

Kukata na kuchomelea ni kazi ya kufanya kipande kwa kipande, tena baada ya kutoa tanki la petroli na betri. Usikate sakafu yote siku moja. Kabla ya kukata chochote, pima nafasi za milango na uziandike, halafu funga chuma cha kupitia mlangoni, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, ili gari lisijikunje. Liweke juu ya stendi za chuma. Mawe ya matumbawe tuliyoyazoea kujengea nyumba huku hupasuka bila kubisha hodi, usilale chini ya gari lililokaa juu yake hata kwa dakika moja.

Mafundi wetu wengi wa jua kali wana mashine ya vijiti, na kwa mageti na madirisha ni mabingwa. Bati la gari hili halifiki hata milimita moja, kijiti kinalitoboa. Tafuta mwenye mashine ya waya na gesi. Mzee aliyenichomelea alikuwa akipiga nukta moja hapa, anahamia upande wa pili wa kipande anapiga nyingine, anarudi katikati, kisha anakaa anakunywa kahawa mpaka pawe pa kushikika kwa mkono. Nikamwuliza, "Mzee, si tumalize upande huu kabisa?" Akanijibu bila kuvua miwani, "Taratibu mwanangu, bati likila moto mwingi linavimba, na likishavimba hulirudishi." Sakafu ile ilichukua siku nyingi, na ikatoka imenyooka. Baada ya hapo nukta zinasagwa kwa grainda, inapakwa rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, na ndani ya zile boriti unamwaga nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake.

Breki zitangulie injini. Najua kila mtu anataka kusikia mlio kwanza, lakini gari linalowaka bila breki litaingia ukutani, au kwa jirani. Mbele ni diski, nyuma ni dramu. Mipira yote iliyokaa miaka imekauka, hata ile inayoonekana mizima, kwa hiyo masta silinda, silinda za magurudumu na hosi zote za mpira zinabadilishwa bila mjadala. Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi mwagia maji hapohapo, yanaibabua. Tairi nazo, soma tarakimu nne ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kashata za mpira wa mwaka 2004 si tairi, hata kama meno yamejaa.

Ukiwa huko nyuma utakutana na ile pini ndefu inayoshika mkono wa chini wa gurudumu. Wenye magari haya duniani kote wanaijua na wanaichukia. Imepita ndani ya bushi mbili, katikati imebanwa na kipini kidogo cha mshazari chenye nati yake, na kutu huigandisha kama imezaliwa humo. Watu huipiga nyundo siku nzima bila kujua kwamba kile kipini kidogo bado kimo. Toa kipini kwanza. Kisha iloweshe mafuta ya kulainisha kutu, iache, iloweshe tena, na ikikataa peleka kwenye presi. Ikikataa presi, ikate na uagize mpya. Na kama bushi zako bado nzima, jiulize kama unahitaji kuigusa kabisa.

Sasa injini. L24 ni injini ngumu kufa, bloku ya chuma cha kalibu na kichwa cha alumini, mnyororo badala ya mkanda wa taimingi. Iliyolala miaka usiipigie stata. Toa plagi zote sita, mimina oili kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, halafu weka spana kwenye bolti ya mbele ya krankshafti uizungushe kwa mkono. Ikizunguka raundi mbili nzima bila kugonga, shukuru Mungu, badilisha oili na filta, rekebisha valvu (ikiwa baridi, za kuingiza 0.20 mm, za kutoa 0.25 mm). Nyaya za plagi zifuate mpango wa 1-5-3-6-2-4. Petroli ya zamani imwage yote. Tanki lishushwe, litiwe changarawe na maji ya sabuni, litikiswe mpaka mikono iume, na lisuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Usipofanya hivyo utakuwa unasafisha kabureta kila wiki.

Kabureta zenyewe ni mbili, na watu hukimbilia kuzing'oa waweke za kisasa. Sioni sababu. Fungua kifuniko kidogo cha juu, tia oili nyepesi, kisha ingiza kidole mdomoni mwa kabureta uinue pistoni yake na kuiachia. Inatakiwa ishuke polepole na kutua na mlio mdogo wa chuma. Fanya na ya pili. Zikishuka kwa mwendo mmoja, kabureta zako ni nzima, zinahitaji usafi na gasketi tu. Kuzisawazisha, chukua kipande cha hosi, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta injini ikiwaka bila kukanyagwa. Utasikia pumzi. Kaza au legeza skrubu mpaka pumzi za zote mbili zifanane. Kuna vipimo vya kununua vya kazi hiyo, ila sikio halikudanganyi sana.

Vipuri ndipo watu wanapokata tamaa, na si lazima. L24 ni ndugu wa damu wa L16, ile ya silinda nne iliyokuwa kwenye Datsun 1600 na 160J zilizojaa barabara zetu. Kipenyo cha silinda ni kilekile, 83 mm, na mwendo wa pistoni ni uleule, 73.7 mm. Kwa hiyo ukienda Kirinyaga Road Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, usiulize vya Zedi, yaani 240Z. Ukitaja Zedi bei inapanda palepale, ama unaambiwa hakuna. Chukua kipuri chako cha zamani na kipimio cha vernia, ulizia vya Datsun 1600, pima dukani. Vya mwili na vioo ni vya kuagiza, na hapo kumbuka kwamba nyingi za gari hili ziliuzwa Marekani, kwa usukani wa kushoto. Dashibodi na mikono ya waipa utakayoipata huko haitaingia kwako. Tazama Japani, Australia na Uingereza. Viti, usijisumbue kuagiza: fundi mzuri wa viti wa hapa mjini atakushonea kwa kufuata ngozi ya zamani, mpelekee hata kama imechanika.

Umeme sina mengi. Badilisha waya zilizokauka, na ujue udhaifu mmoja wa gari hili: umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi ya usukani, bila rilei (swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo badala yake), na swichi huungua. Tia rilei mbili karibu na betri, swichi itakushukuru.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, na usipake mpaka umeliendesha gari miezi kadhaa likiwa na mabaka yake. Katika miezi hiyo utagundua linapovuja na linapogonga, utafungua na kufunga mara nyingi, na spana itateleza. Heri iteleze kwenye praima, ile rangi ya chini.

Wengi hupenda kulipaka jekundu na boneti nyeusi kama lile la 1971, na vibandiko vya Safari mlangoni. Mimi siafiki. Lile lililoshinda lipo, Nissan wanalihifadhi Zama, Japani, na lako lina maisha yake: lilinunuliwa na mtu wa hapa, likaendwa nalo Malindi na Voi na harusini. Kwangua ndani ya mlango, chini ya raba, uone rangi ya kiwandani, na uirudishe hiyo. Taa kubwa za ziada mbele ukizitaka, sawa, ni gari lako. Zipe rilei yake zenyewe.