Watawa Waliopeleka Siri na Kuuza Vitabu: Je, Biashara Ilikuwa Kisingizio?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ukutubi na ninaandika kuhusu historia ya umiliki wa vitabu vya kale. Nimekutana na maelezo kwamba wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa na vita vya Napoleon, baadhi ya mapadre na watawa wa Kikatoliki walizifanyia serikali kazi za siri, na papo hapo wakauza vitabu vya thamani kubwa. Naomba kufahamishwa: biashara hiyo ilikuwa pazia la kufichia upelelezi, au ilikuwa biashara ya kweli? Na mtu aliyeshika kitabu cha aina hiyo leo anawezaje kutambua kama kiliuzwa na wenyewe au walinyang'anywa?

JIBU: Biashara ilikuwa ya kweli, na ujumbe wa siri ulikuwa wa kweli pia. Nalisema hili mapema kwa sababu waandishi wengi humwona mtawa mwenye kitabu mkononi kuwa ni jasusi aliyejifunika joho, kisha hawahangaiki tena kukichunguza kitabu chenyewe. Kazi zote mbili zilimhitaji mtu wa aina moja: anayejua Kilatini, Kifaransa na Kijerumani, anayepokewa kama mgeni katika kila nyumba ya watawa njiani, aliyezoea kuandikiana barua na watu wa mbali, na anayeaminiwa kwa fedha za wengine. Vita vilipovuruga balozi na nyumba za watawa kwa wakati mmoja, watu wachache wa namna hiyo ndio waliobaki wakiweza kupita huku na huku.

Mfano ulio bora kuliko yote unatoka Regensburg, mji wa Ujerumani ulio kando ya Mto Danube. Baraza la Dola Takatifu la Kirumi, muungano wa kale wa nchi za Kijerumani, lilikaa humo bila kuvunjwa tangu mwaka 1663 hadi dola yenyewe ilipokwisha mwaka 1806, kwa hiyo wajumbe wa watawala wa Kijerumani na wa mataifa ya nje waliishi humo mwaka mzima. Ukoo wa Thurn und Taxis, uliokuwa na haki ya kuendesha posta ya dola, nao ulikuwa na makao yake humo tangu mwaka 1748. Katikati ya mji huo ilikuwapo monasteri ya Mtakatifu Yakobo, iliyoanzishwa na watawa wa Kiayalandi katika karne ya 11, kisha ikakabidhiwa Waskoti mwaka 1515. Huko Uskoti matengenezo ya dini ya Waprotestanti yalizifuta nyumba za watawa, lakini huku ugenini Waskoti Wakatoliki waliendelea kuwapeleka watoto wao wasome na, wakipenda, wawe watawa.

Mmoja wa watoto hao ni Alexander Horn, aliyezaliwa mwaka 1762 na kupewa jina la kitawa la Maurus. Alikuwa mkutubi wa monasteri, na abate wake alikuwa Charles Arbuthnot, mtu wa hisabati aliyeiongoza nyumba hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Horn alifahamiana na mabalozi waliokaa mjini, akasikia yaliyosemwa mezani na barazani, akawapelekea Waingereza habari. Baadaye serikali ya London ilimtambua kuwa mwakilishi wake. Jambo hili si dogo ukizingatia sheria za Uingereza za wakati huo, ambazo hazikumruhusu Mkatoliki kukaa bungeni hadi mwaka 1829. Serikali iliyomzuia Mkatoliki nyumbani ilimtegemea padre wa Kikatoliki ugenini kwa sababu hakuwapo mwingine mwenye nafasi kama yake.

Haja hiyo ilizidi mwaka 1804. Francis Drake, balozi wa Uingereza mjini Munich, alinaswa na mtego wa Méhée de la Touche, ambaye alijifanya mpinzani wa Napoleon ilhali alikuwa akiitumikia polisi ya Ufaransa. Barua za Drake zilichapishwa na Wafaransa, naye akalazimika kuondoka, na mwenzake wa Stuttgart, Spencer Smith, akapatwa na hayo hayo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo askari wa Ufaransa walimkamata Sir George Rumbold, mwakilishi wa Uingereza karibu na Hamburg. Balozi mwenye cheo alikuwa anaonekana na kila mtu, hivyo alikuwa rahisi kufukuzwa. Mtawa mwenyeji wa mji, mwenye makazi yake na maktaba yake, hakuwa rahisi kuondolewa namna hiyo, ingawa Horn naye hatimaye hakuweza kubaki Regensburg.

Sasa tuje kwenye vitabu, maana hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Tarehe 25 Februari 1803 kamati maalumu ya Baraza la Dola ilikamilisha azimio la kuwafidia watawala waliopoteza ardhi zao ng'ambo ya Mto Rhine. Kifungu cha 35 cha azimio hilo kiliziweka mali za abasia na nyumba za watawa mikononi mwa watawala wa nchi walizomo, wazitumie watakavyo. Mamia ya maktaba yalibadilisha mwenyewe kwa maandishi ya kifungu kimoja. Huko Bavaria, Johann Christoph von Aretin alitumwa kuzungukia monasteri na kuchagua vitabu vya maktaba ya Munich, na ndipo mwaka 1803 ulipopatikana mswada wa nyimbo uitwao leo Carmina Burana katika monasteri ya Benediktbeuern. Vilivyochaguliwa vilinusurika, na vingi visivyochaguliwa viliuzwa kwa bei ya karatasi chakavu.

Lakini uuzaji haukuanza siku hiyo. Tangu vita vilipoanza, monasteri zilitozwa fedha na majeshi ya pande zote, na abate aliyedaiwa fedha taslimu aliangalia alichonacho. Watawa wa Echternach walikimbia mwaka 1794 wakiwa wamebeba kitabu chao cha Injili kilichoandikwa kwa dhahabu, wakakifikisha Erfurt, na mwaka 1801 kikauzwa kwa mtawala wa Gotha. Kila mtu aliona mawingu yanakuja, na wengine waliona afadhali kuuza wenyewe kuliko kungoja karani wa serikali aje na orodha yake.

Katika hali hiyo Horn alikuwa na vitu viwili ambavyo mfanyabiashara wa kawaida hakuwa navyo. Kwanza, aliingia katika maktaba za watawa kama ndugu na kama mkutubi, akajua ni rafu gani iliyo na vitabu vilivyochapwa kabla ya mwaka 1501. Pili, alimfikia mnunuzi aliyetaka vitabu hivyo kuliko mtu yeyote Uingereza: George John, Earl Spencer wa pili, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini kuanzia mwaka 1794 hadi 1801. Chapa za mwanzo kutoka kusini mwa Ujerumani zilimfikia Spencer kupitia mikononi mwa Horn. Hazina za namna hiyo zilihama kwa mkumbo miaka hiyo. Picha ya Mtakatifu Kristofa yenye mwaka 1423, iliyochapwa kwa kibao cha mti na kubandikwa ndani ya jalada la mswada katika monasteri ya Buxheim, nayo iliishia kwa Spencer. Mkusanyo wake ulinunuliwa mwaka 1892 na Enriqueta Rylands na sasa uko katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester.

Je, haiwezekani kwamba orodha za vitabu zilikuwa lugha ya mafumbo? Lazima tukumbuke kwamba serikali zote zilikuwa na vyumba vya siri vya kufungulia barua, na barua ya mkutubi iliyojaa majina ya vitabu isingemshangaza msomaji wa siri. Kwa maana hiyo biashara ilisaidia, kwa sababu ilimpa Horn sababu ya kuandikiana na watu wakubwa. Lakini vitabu vyenyewe vipo, vimepangwa Manchester, na fedha zililipwa. Anayetaka kisingizio tu hahangaiki kuvusha masanduku mazito baharini wakati ambapo Wafaransa wamekwisha kuishika Hanover tangu mwaka 1803 na njia za mto Elbe zimevurugika.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu zaidi unatoka katika monasteri hiyo hiyo. Mwaka 1808 serikali ya Uingereza ilimtuma James Robertson, mtawa mwenzake Horn, aende kisiwa cha Fyn huko Denmark. Huko walikuwako askari wa Kihispania chini ya Markizi wa La Romana, ambao Napoleon aliwapeleka kaskazini kabla hajakitwaa kiti cha enzi cha nchi yao. Robertson alipitia kisiwa cha Heligoland, akaingia Ujerumani kwa jina la Adam Rohrauer, na akafika Fyn kama mchuuzi wa sigara na chokoleti. Hakubeba karatasi yoyote ya kumtambulisha. Alibeba kichwani sahihisho la neno moja katika utenzi wa kale wa Kihispania wa Cid, ambalo John Hookham Frere, aliyewahi kuwa balozi wa Uingereza nchini Hispania, alikuwa amelizungumza faraghani na La Romana. Jemadari alipolisikia alijua mgeni ametoka kwa nani. Mwezi Agosti merikebu za Admirali Keats ziliwachukua askari wapatao 9,000 kuwarudisha kwao, ingawa maelfu ya wenzao walizuiwa wasiondoke. Wasomaji wa Mombasa watapenda kujua kwamba mmoja wa waandishi wa habari za maisha ya Frere huyo ni mpwa wake, Sir Bartle Frere, yule yule aliyekuja Zanzibar mwaka 1873 kuhusu mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ambaye jina lake limebaki Freretown.

Angalia basi: mtawa wa Regensburg alipohitaji kujificha kikweli hakuchagua vitabu. Alichagua sigara, kwa sababu mchuuzi wa sigara hana jina. Muuzaji wa vitabu adimu huishi kwa jina lake. Mnunuzi anataka kujua ni nani anayemwambia kwamba ukurasa wa mwisho haukupotea. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba biashara ya Horn ilikuwa pazia.

Horn na Robertson hawakuwa peke yao. Mjini Paris Abate Louis de Salamon alimwandikia Papa kwa siri baada ya balozi wake kuondoka, akanusurika mauaji ya Septemba 1792. Abate André-Charles Brottier aliongoza kikundi cha siri cha wafuasi wa mfalme, akakamatwa Januari 1797 na kufia uhamishoni Guiana. Lakini hao hawakuwa wauza vitabu, na wewe umeuliza juu ya vitabu, kwa hiyo nawapita ili nifike kwa Jean-Baptiste Maugérard.

Maugérard alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Benedikto katika mji wa Metz, Ufaransa. Hakuwa mwanadiplomasia, nguvu yake ilikuwa macho. Mwaka 1789 aliitangazia akademia ya mji wake nakala ya Biblia ya Gutenberg yenye maandishi ya Heinrich Cremer, kasisi wa Mainz, aliyeandika kwamba alimaliza kuipamba na kuijalidi Agosti 1456. Tarehe hiyo ya mkono bado ni miongoni mwa vithibitisho vikuu vya umri wa chapa hiyo. Mapinduzi yalipomfukuza alihamia Erfurt, akawauzia wakusanyaji wa Kijerumani, akiwamo mtawala wa Gotha. Mwaka 1802 akarudi kuitumikia serikali ile ile iliyomkimbiza, akiwa kamishna wa kuchagua vitabu katika majimbo manne ya ukingo wa kushoto wa Rhine kwa ajili ya maktaba ya taifa mjini Paris. Kwa hiyo mtu mmoja alipita katika nafasi zote tatu: mlinzi wa vitabu vya watawa, mwuzaji wao, na mchukuaji wao kwa amri ya dola. Baya zaidi kwa kazi yako ni kwamba amethibitika kufuta alama za wamiliki na kubuni maandishi ya uongo ya asili ya vitabu. Ukikutana na kitabu kilichopita kwake, hati ya umiliki yenyewe inahitaji kuchunguzwa: wino, mwandiko, na kama jalada linakubaliana nayo.

Kuhusu sehemu ya mwisho ya swali lako, anza na mahali kabla ya tarehe, maana tarehe ya kunyang'anywa haikuwa moja. Ufaransa ilitaifisha mali za kanisa tarehe 2 Novemba 1789. Ukingo wa kushoto wa Rhine ulifungiwa monasteri zake kwa amri ya Juni 1802. Upande wa kulia wa mto, azimio la Februari 1803 ndilo linalohesabika, ingawa Bavaria ilianza mapema kidogo, na Austria ilikwisha kufunga nyumba nyingi tangu miaka ya 1780. Kitabu kilichotoka kabla ya tarehe ya mahali pake yamkini kiliuzwa na watawa wenyewe, lakini usiridhike na hapo, kwa sababu sheria ya kanisa haikumruhusu abate kuuza vitu vya thamani bila kibali cha wakubwa wake. Wengi waliuza bila kibali, na mauzo ya namna hiyo mara nyingi hayakuandikwa.

Baada ya hapo tazama mihuri. Muhuri wa Kilatini unaoitaja maktaba ya kifalme ya Munich hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1806, kwa kuwa Bavaria ilipata mfalme Januari ya mwaka huo. Na neno «Duplum» karibu nao lina maana kwamba maktaba ilikiona kitabu kuwa nakala ya ziada na kukitoa. Jalada ni shahidi mzuri ukimkuta hai, lakini Spencer na wenzake walipenda kujalidi upya na kusafisha kurasa, hivyo alama nyingi za monasteri zimepotea Uingereza na si Ujerumani. Hapo itakubidi utafute barua na hesabu za wauzaji. Na ukikuta hati inayomtaja Mtakatifu Yakobo wa Waskoti mjini Regensburg, usiihesabu nyumba hiyo pamoja na zilizofungwa mwaka 1803: ilisamehewa kwa kuwa ilikuwa ya wageni, na ikaendelea hadi mwaka 1862.