Ijumaa mgahawani, Jumamosi kilomita 24: nifanyeje?

*Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tuna ada yetu: kila Ijumaa jioni tunakula nje, tangu tulipooana miaka 9 iliyopita. Sasa nimejiandikisha kukimbia marathoni, zimebaki wiki 11. Wenzangu wa mazoezi wananiambia chakula cha mgahawani kinamharibu mkimbiaji. Basi Ijumaa nne mfululizo nakwenda naye lakini naagiza saladi na maji, yeye anakula akiniangalia kwa huruma. Jumamosi alfajiri ndiyo siku yangu ya mbio ndefu. Juzi nilipangiwa kilomita 24, nguvu zikaniishia kwenye ya 19, nikarudi nyumbani nikitembea, machozi yananitoka. Nina kilo 58. Siku hizi usingizi pia haueleweki. Je, niache kabisa kwenda mgahawani hadi marathoni ipite? (Mke wa Ijumaa)*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale kwenye saladi. Hiyo ndiyo iliyokuangusha, mgahawa umesingiziwa.

Tupige hesabu. Kukimbia hula takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kwa kilo zako 58, kilomita 24 ni karibu kilokalori 1,400. Sehemu kubwa ya nguvu hizo hutoka kwenye wanga ambao mwili umeuweka akiba misulini na kwenye ini, uitwao glaikojeni. Ini hufanya kazi usiku kucha kushikilia sukari ya damu wakati wewe umelala, kwa hiyo kunapokucha akiba yake imeshapungua. Nawe ulilala na majani, nyanya na tango, vitu ambavyo wanga wake ni kidogo mno, ukaamka ukafunga kamba za viatu ukatoka. Kufika kilomita ya 19 kwa hali ile kunanionyesha kwamba miguu unayo.

Wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri kwamba anayefanya mazoezi ya saa 1 hadi 3 kwa siku apate gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili wake. Kwako wewe ni kama gramu 350 hadi 580. Sahani ya gramu 300 za wali uliopikwa ina gramu 80 na ushei. Sikuambii ununue mizani, nataka tu uone sahani yako ya Ijumaa ilikuwa imepungukiwa kiasi gani.

Lakini wenzako nao hawakusema uongo mtupu. Nimepika kwenye migahawa miaka 18, na jikoni najua kinachoingia sufuriani. Zile mboga zinazong'aa zimemaliziwa kwa kipande cha siagi. Viazi vya kupondwa vikiwa laini mno, jua siagi na maziwa vimemiminwa bila kupimwa. Mafuta si kosa, ila hukawia tumboni, na anayelala na krimu saa nne usiku atadaiwa saa kumi na moja alfajiri, tena akiwa mbali na choo.

Kwa hiyo mwambie mumeo mwende mapema, saa kumi na mbili na nusu jioni mwe mmeketi. Agiza samaki au kuku wa kuchoma, na wali, au tambi za sosi ya nyanya, au viazi vya kuchemsha. Mkate unaoletwa mezani, ule. Sosi nzito omba iletwe kando kwenye kibakuli. Sisi wapishi hatukuwahi kuliona ombi hilo kuwa usumbufu. Kitindamlo usikiogope, hasa kile cha matunda: sukari yake utaikimbia kesho. Vya kukaangwa kwenye mafuta mengi, pilipili kali na bakuli kubwa la maharage viwekee siku nyingine. Alfajiri kabla ya kutoka kula ndizi, au vipande viwili vya mkate na jamu. Na mbio zikipita saa moja na nusu, beba kitu cha kula njiani, ufikishe gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, uzoeshe na tumbo.

Zile mbio chache za kilomita 30 na kuendelea, hamisha ada yenu iwe Jumamosi jioni. Hapo agiza unachokitamani. Nakumbuka siku niliyokimbia kilomita 32 kwenye mvua, jioni nikaketi na mume wangu, akaletwa bata wa kuchoma, ngozi inavunjika kwa uma, na viazi vilivyokaangwa kwa mafuta ya bata huyo huyo. Nilikula taratibu sana, karibu saa mbili nzima, na kila tonge nililisikia hadi kwenye misuli ya miguu. Nimepika vyakula vingi kuliko niwezavyo kuvihesabu, lakini ladha ile huletwa na kilomita tu. Kwa nini ujinyime?

Nakuambia haya kwa sababu marathoni yangu ya kwanza niliifanyia mazoezi kama wewe. Nilidhani wepesi wa mwili ndio kasi. Mialiko yote niliikataa, hata chakula cha ndoa ya mdogo wangu nilikigusagusa tu. Siku yenyewe, kwenye kilomita ya 31, miguu iligoma na macho yakaona ukungu. Baadaye nikasoma kwamba jambo hili lilishapimwa zamani: mwaka 1924 madaktari walipima damu ya wakimbiaji wa Boston Marathon, wakakuta waliofika hoi sukari yao ya damu imeshuka mno. Mwaka uliofuata wakawahimiza wakimbiaji kula wanga wa kutosha kabla ya siku hiyo na kula peremende njiani, na hali zao mwishoni zikawa njema kuliko za mwaka uliotangulia. Karibu karne nzima ilikuwa imepita, nami bado najishindisha njaa.

Sasa hilo la usingizi sitaki ulipuuze. Tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imekuwa ikionya kuhusu hali ya mwanamichezo kula kidogo kuliko anachotumia. Huanza na uchovu usiokwisha na usingizi wa mang'amung'amu, hasira za karibu, kisha hedhi huchelewa au hukatika, na mwisho mifupa hupata nyufa. Kama hedhi yako imebadilika, usingoje marathoni ipite, muone daktari wiki hii na umweleze unakimbia kiasi gani. Kama haijabadilika, anza kula Ijumaa hii. Na mumeo mpe pole.

*Mama, nitakimbia marathoni katika mji ambao sijawahi kufika. Kuna mgahawa maarufu pale, nimefanikiwa kupata meza usiku wa kuamkia mbio, vyakula 7 kwa mfululizo, na chaza mbichi ndani yake. Marafiki wanasema nimekosea. (Mgeni wa Mji)*

Mwanangu, piga simu leo, omba meza hiyo ihamishiwe usiku wa baada ya mbio. Ikishindikana, mpe mtu mwingine nafasi hiyo.

Mimi nilikula chaza wabichi usiku kama huo kabla ya marathoni yangu ya pili. Walikuwa watamu, wana harufu ya bahari. Saa nane usiku nilikuwa nimeinamia beseni, na asubuhi sikuweza kusimama kwenye mstari wa kuanzia. Miezi minne ya mazoezi ikaenda hivyo. Vitu vibichi vya baharini, nyama isiyoiva, chochote ambacho tumbo lako halijawahi kukutana nacho: vyote hivyo ni vya kesho yake.

Siku mbili za mwisho lengo lako ni moja, kujaza akiba. Katika saa 36 hadi 48 kabla ya mbio, wakimbiaji hula gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kila kilo ya mwili, huku wakipunguza mafuta na nyuzinyuzi. Elimu hiyo ilitoka kwa watafiti wa Sweden miaka ya 1960, waliochukua vipande vidogo vya misuli kwa sindano na kupima glaikojeni iliyomo. Wali mweupe, tambi, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa, juisi. Chakula kikuu ukile mchana wa siku ya kuamkia mbio, jioni kula chepesi na mapema. Mizani ikionyesha umeongezeka kilo moja au mbili, tulia: kila gramu ya glaikojeni hushikana na gramu kama 3 za maji, na maji hayo utayahitaji.

Na hata chakula cha namna hiyo kinastahili kupikwa vizuri. Tafuta mgahawa mdogo wa tambi, uangalie kama wanazitoa zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, na kama nyanya zimepikwa taratibu na kitunguu saumu hadi zikatoa utamu wake. Sahani hiyo moja naiweka sawa na vyakula vyako 7.

Ukishamaliza kilomita zako 42.195, subiri saa chache kabla ya kuketi kwenye zile sahani 7. Tumbo huwa bado limenywea. Anza na supu.

*Shikamoo. Tukienda kula nje mimi huagiza nyama na chai ya rangi kwa pamoja. Daktari ameniambia madini ya chuma yamepungua mwilini, na mbio zimekuwa nzito. Je, chai inahusika? (Mnywa Chai)*

Marahaba. Inaweza kuhusika. Chai ina vitu vinavyoshikamana na madini ya chuma tumboni yasifyonzwe vizuri, hasa yale yatokayo kwenye maharage, dengu na mboga za majani. Ya kwenye nyama hayaathiriki sana kama hayo. Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Nyama yako endelea nayo, ila kamulia ndimu au agiza juisi ya chungwa, maana vitamini C husaidia ufyonzaji. Chai omba uletewe saa moja baada ya kula, na wenzako wakiharakisha kuondoka, ukanywee nyumbani. Vidonge vya chuma usinunue mwenyewe dukani. Fuata kipimo cha daktari wako, kwa kuwa vikizidi vinadhuru.