Nafasi ya diski baada ya DELETE katika PostgreSQL
Diski haijapata nafasi baada ya kufuta mistari mingi kwa sababu DELETE, amri ya kufuta ya PostgreSQL (mfumo wa hifadhidata), huitia tu alama mistari hiyo kwamba imekufa, ili miamala iliyokwisha kuanza iendelee kuiona, na VACUUM ya kawaida (amri ya kusafisha mistari iliyokufa) inapopita baadaye huiacha nafasi hiyo itumiwe na mistari mipya ya jedwali lile lile bila kuirudisha kwa mfumo endeshi, isipokuwa kurasa tupu zilizo mwishoni kabisa mwa faili. Nyaraka rasmi za PostgreSQL zinaeleza hivyo hivyo. VACUUM FULL ndiyo inayopunguza faili, lakini tafadhali usiiendeshe watu wakiwa kazini: hulifunga jedwali lote, hata SELECT husubiri, na huandika nakala mpya nzima, kwa hiyo diski iliyokwisha kujaa haitaimudu. Kwanza tazama makadirio ya n_dead_tup (idadi ya mistari iliyokufa) katika pg_stat_user_tables, takwimu za majedwali. Yasiposhuka hata baada ya VACUUM, tafuta katika pg_stat_activity (orodha ya miunganisho iliyopo sasa) muamala ulioachwa wazi kwa muda mrefu, hasa wenye hali ya "idle in transaction" (umefunguliwa lakini haufanyi kitu), kwani mara nyingi huo ndio unaozuia usafishaji.