Re: Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi, na mama atakaa angani saa ngapi?

Mkuu, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Mwanza ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Zile 1,100 na ushee ulizoziona ni za barabara, inayozunguka kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga.

Muda unategemea ndege. Ya jeti hutumia kama saa moja na nusu. Ya mapangaboi huenda pole kidogo, mpe saa moja na dakika arobaini na tano hivi. Muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa, kwa hiyo angani kwenyewe ni pungufu ya hapo.

Kwa mama mwenye magoti mabovu, mimi ningejali zaidi kama safari ni ya moja kwa moja. Zingine hutua Kilimanjaro kwanza, na hapo muda unaongezeka sana. Pia omba kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi, na uangalie anaondokea jengo la 2 au la 3, maana si pua na mdomo kwa mtu wa kuchechemea.