Maswali ya Wasomaji: Maji ya Ruaha Mkuu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga katika bonde la Usangu. Kila kiangazi tunaambiwa tufunge banio la mfereji wetu ili maji yarudi mtoni. Sisi tunaona maji hayo yanakwenda porini bure. Tukiyatumia, hasara iko wapi?
Mkulima, Mbarali

JIBU: Ndugu mkulima, nakushukuru kwa kuuliza wazi jambo ambalo wengi hulinung'unikia pembeni. Mito inayoshuka kutoka milimani, ikiwamo Mbarali, Kimani na Chimala, huishia katika ardhioevu ya Ihefu, ambayo ni mfano wa beseni lenye mdomo mmoja tu. Mdomo huo ni kizingiti cha mwamba kilichopo Ng'iriama, na maji yakishuka chini yake, mto wote wa mbele, yaani Ruaha Mkuu, hukatika, hata kama ndani ya Ihefu maji yangali yametanda. Ndiyo maana maji machache ya kiangazi, ambayo machoni petu hayana thamani, ndiyo yanayoamua kama mto utapita au hautapita.

Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubanana katika madimbwi yaliyosalia mpaka maji yanageuka uji mzito wa kinyesi, na samaki walionaswa humo hufa kwa kukosa hewa. Mbele zaidi, mto huohuo ndio unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Sikuambii uache mpunga, kwa sababu mpunga wa masika sio kiini cha tatizo la kiangazi. Tazama mfereji wenu mwezi wa Septemba, mavuno yakiwa yamekwisha: banio liko wazi, maji yanatembea mwendo mrefu kwenye udongo mkavu, na mwishoni watu wanachota ndoo chache za nyumbani na kufyatulia matofali. Sehemu kubwa imekwisha kunywewa na ardhi na kukaushwa na jua kabla ya kuwafikia. Kisima kimoja cha pampu kijijini kingewapa maji safi zaidi, nanyi mngefunga banio bila kinyongo. Hoja hiyo ipelekeni kwenye jumuiya yenu ya watumia maji, na kupitia kwake kwenye Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kuchepusha maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mahitaji ya mazingira, na kilimo hufuata baada ya hayo, kwa hiyo mtakapodai kisima mtakuwa na sheria upande wenu.

Wakati wa msimu, jaribuni kilimo shadidi, yaani kupandikiza miche michanga, mmoja mmoja kwa nafasi, na kuacha jaruba likauke kidogo kabla ya kulimwagilia tena. Mpunga hauhitaji kuogelea muda wote, na maji mtakayookoa yatamfaa jirani aliye mwisho wa mfereji, ambaye kila mwaka hupanda akiwa amechelewa.

SWALI: Bustani yangu iko kando ya kijito, na ukingoni nimepanda mikaratusi. Je, nakosea?
Msomaji, Njombe

JIBU: Ndiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mkaratusi nao hunywa maji mengi. Ikate kidogo kidogo bila kung'oa visiki, kwani mizizi bado inashika udongo wa ukingo, uondoe machipukizi kila yanapotokeza, na katikati yake upande mivengi au mikuyu mvua zinapoanza.