Kusafisha mashine inayozunguka: kataa

Mdogo wangu, una miaka 17, ndiyo kwanza umeanza kazi, na unaogopa kufukuzwa ukikataa kusafisha mashine inayozunguka. Kataa, tena bila kuona haya. Mwambie msimamizi: "Nitaisafisha, ila kwanza tuizime, tukate umeme na swichi ifungwe kwa kufuli." Kubonyeza kitufe tu hakutoshi, mwenzako akiiwasha bila kukuona, mkono umekwenda. Glavu nazo zisikudanganye, zikinaswa huvuta mkono ndani. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo hapo alindwe. Andika tarehe na ulichoagizwa, kisha mwone mwakilishi wa wafanyakazi au mkaguzi wa kazi. Mzazi wako naye ajue leo.